Ludo nashinda, mkeka unachanika: akili yangu inapotelea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Tanga. Kila jioni tunacheza ludo watu wanne kwenye baraza la duka. Kila mmoja anatia 1,000, na wa kwanza kuingiza kete zote nne anabeba 4,000. Tangu nianze kuandika matokeo tumecheza mara 60, nami nimeshinda 21. Mjomba wangu anasema hiyo ni kamari tupu. Mimi namwambia ni akili. Lakini kinachonishangaza ni kwamba mpira naujua kuliko ludo, na bado kila Jumamosi mkeka wangu wa kubeti timu kadhaa pamoja unachanika, mara nyingi kwa timu moja tu. Akili yangu inapotelea wapi? Na la pili: juzi mimi na jirani tulicheza wawili, kila mmoja ametia 5,000, wa kwanza kushinda mara 3 anachukua zote. Nikiwa na 2 na yeye 1, umeme ukakatika. Yeye anataka kila mtu arudishiwe chake. Nani ana haki?

Jibu: Marahaba. Umenifurahisha kwanza kwa kuandika matokeo. Watu wa barazani hukumbuka walizoshinda na kusahau walizoshindwa, halafu kila mmoja hujiona bingwa.

Hebu tuziangalie hizo 21. Kama wote wanne mngekuwa na uwezo ule ule, kila mmoja angeshinda robo ya michezo, yaani 15 katika 60. Wewe umezidisha sita. Je, bahati peke yake inaweza kumpa mtu sita za ziada? Inaweza. Tukiwachukua watu 100 wasiowazidi wenzao kwa lolote, kila mmoja akacheza michezo 60 kama yako, watano au sita kati yao watafika 21 au zaidi kwa bahati tu. Kwa hiyo daftari lako linaelekea upande wa akili, ila bado si la kumnyamazisha mjomba. Endelea kuandika. Ukifika michezo 200 na ushindi wako umefika kama 70, hapo mjadala utakuwa umekwisha, maana jambo hilo kutokea kwa bahati tupu ni nadra kama mara moja katika 1,000.

Nadhani lakini kweli unawazidi, na nitakueleza kwa nini nadhani hivyo bila hata kukuona ukicheza. Ludo inadharauliwa. Watu husema ni mchezo wa watoto, dadu ndiyo inayocheza, mtu anasukuma kete tu. Dadu inaamua mengi, hilo halina ubishi. Bila sita hutoki, na kukaa mizunguko kumi bila kupata sita si ajabu kubwa: humpata mtu mara 16 hivi katika 100. Mkiwa wanne, karibu nusu ya michezo yote itakuwa na mtu mmoja angalau aliyeganda nyumbani mizunguko kumi huku wenzake wanazunguka ubao. Huyo ndiye anayeondoka akisema amerogwa.

Ila kete zikishatoka mbili au tatu, kila dadu inapotua unabaki na uamuzi: nisogeze ipi? Hapo ndipo wengi wanapotoa pesa zao bila kujua. Chukua jambo moja tu, umbali. Mnapotumia dadu moja, kete yako ikiwa mbele ya adui kwa hatua 1 hadi 6, ana nafasi moja katika sita ya kuila kwenye zamu yake. Iwe hatua 2, iwe 5, ni sawasawa, kwa kuwa kila namba ya dadu ina nafasi ile ile. Mchezaji mgeni huogopa hatua 1 kuliko 6, na husogeza kete kutoka 2 hadi 5 akidhani amepata usalama, kumbe amepoteza zamu. Ukivuka hatua ya 6 mambo hubadilika. Kuanzia 7 hadi 12 adui anahitaji sita kwanza, halafu namba kamili ya pili, yaani mara moja katika 36. Kutoka hatari ya karibu 17 katika 100 unashuka hadi karibu 3, kwa hatua moja ya kutoka 6 kwenda 7. Na ukiwa na maadui wawili tofauti nyuma yako, wote ndani ya hatua sita, hatari inapanda hadi karibu 31 katika 100 kabla zamu haijakurudia. Mtu anayeona haya kwa macho, hata kama hajawahi kuyaandika, atawala wenzake taratibu kwa miezi. Si kila jioni. Jioni nyingine dadu itamkataa, naye atamlipa mtu aliyecheza vibaya kuliko yeye.

Na hilo si kasoro ya ludo. Ndilo linalowafanya wenzako warudi kesho. Kwenye bao la kete 64 hakuna dadu, na fundi akikutana na mwanafunzi anamfunga leo, kesho na keshokutwa, mpaka mwanafunzi anatafuta mtu wa kiwango chake. Baraza lako lina wateja watatu waaminifu kwa sababu dadu inawapa mara kwa mara ushindi ambao mikono yao haikuustahili. Ukiwaambia hivyo, lakini, utacheza peke yako.

Sasa mjomba. Nimekwambia una akili, na bado nasema mjomba hajakosea, kwa sababu nyinyi wawili mnajibu maswali tofauti. Wewe unaulizwa mshindi amepatikanaje, yeye anauliza pesa imetoka wapi. Katika kipimo chake, watu wakitia dau, mmoja akabeba na wengine wakapoteza, hiyo ndiyo maisiri, yaani kamari, iliyotajwa pamoja na pombe katika Sura ya Al-Maida aya ya 90, awe mshindi ametumia akili au la. Wapo tena wanaokwenda mbali zaidi na kukataa dadu hata bila senti, kwa hadithi ya nardashiri, mchezo wa dadu wa kale, iliyomo katika Sahihi Muslim. Mimi si shehe, nami sitakutolea fatwa; kwa hilo una watu wa kuwauliza hapo Tanga, na hukosi wanazuoni. Ninachokwambia ni kwamba ukitaka kumshinda mjomba kwa hoja ya akili utachoka bure. Mjomba ana ugomvi na ile 1,000. Ondoa 1,000 utaona kama hatavuta kiti.

Tuje kwenye mpira, maana humo ndimo unamoumia.

Fikiria bao linachezwa kijiweni, mafundi wawili, watu wamewazunguka. Watazamaji wawili wanawekeana dau la 2,000 nani atashinda. Mchezo ni ule ule na kete ni zile zile. Aliyekaa ubaoni anatumia akili kila mkono wake unapoingia shimoni, wakati aliyesimama nyuma ametumia akili mara moja tu, alipochagua mtu, na tangu hapo hana la kufanya ila kupiga kelele. Kwenye ludo wewe umekaa ubaoni, kwenye mpira umesimama nyuma. Timu ikikosea dakika ya 70 huwezi kusogeza kete nyingine.

Sasa utaniambia kwamba hata huo uchaguzi mmoja ni akili, na wewe mpira unaujua. Sawa. Lakini tazama unamchezea nani. Kwenye baraza, ujuzi wako unalipwa na watu watatu wasiojua habari ya hatua ya 6 na ya 7. Kwenye kubeti, aliye upande wa pili ndiye aliyepanga bei, na bei hiyo ameipanga akiwa ameshajua yale yote unayoyajua: nani ameumia, nani anacheza nyumbani, nani ana mechi ya kimataifa Jumatano. Tuseme Simba inacheza na timu iliyo chini ya msimamo, nao wamekupa odi ya 1.25, yaani ukipatia, kila 1,000 inarudi 1,250. Unasema, Simba lazima ishinde. Mimi pia nasema itashinda. Lakini namba 1.25 inasema hivi: ili usile hasara, Simba ishinde mechi za namna hiyo mara 80 katika 100. Ikishinda mara 78, nayo ni timu iliyofanya vizuri sana, wewe kwa kila 100,000 uliyoweka kidogo kidogo utarudishiwa 97,500. Umebashiri sawa mara 78 na bado umepoteza pesa. Kujua mpira kunakusaidia kusema Simba ni bora. Kunakosaidia mfuko ni kujua kama ni bora kwa 78 au kwa 82, na huo ni ujuzi mwingine kabisa ambao hata makocha hawana.

Kipo kipimo kimoja nakipenda sana kwa kazi hii: jaribu kushindwa kwa makusudi. Kwenye ludo ni rahisi, acha kete zako mbele ya maadui, usile inapolika, utaona utakavyokuwa wa mwisho. Kama unaweza kushindwa kwa kutaka, basi mchezo una mahali pa kuingizia akili. Sasa chukua mechi nyingi zenye odi ya 1.90 kila upande, kwa mfano magoli zaidi ya mawili na nusu au pungufu, ukajaribu kupoteza kila dau. Hutaweza. Utapatia karibu nusu bila kutaka. Na ungeweza, ungekuwa tajiri, maana ungebeti upande wa pili wa kila ulichochagua. Hiyo 1.90 nayo iangalie vizuri: upande wowote unahitaji kupatia karibu 53 katika 100 ili usipoteze, na pande mbili haziwezi zote kutokea mara 53. Hizo za ziada ndizo mshahara wa kampuni.

Barazani hakuna mshahara huo. Mmetia 4,000, imetoka 4,000. Umeshinda mara 21, umechukua 84,000, ukatoa dau zako 60,000, ukabaki na 24,000. Mwenye duka angekuwa anakata 400 kwenye kila mchezo kwa ajili ya baraza na taa, faida yako ingeshuka hadi 15,600, na yule anayeshinda robo kamili, ambaye leo hapotezi wala hapati, angekuwa anakula hasara kila mwezi bila kuelewa kwa nini. Poka za kasino ziko hivyo. Unaweza kuwa bora kuliko wote mezani na bado meza ikakushinda.

Na mkeka ndio ubaya wenyewe, kwa sababu makato yanajizidisha. Tubaki na mfano wetu, timu nane nzuri, kila moja odi 1.25, kila moja inashinda kweli mara 78 katika 100. Mkeka mzima unalipa karibu mara sita ya dau, na macho yanang'aa. Nafasi ya zote nane kushinda ni chini ya 14 katika 100. Ukiweka 1,000 kwenye mikeka mingi ya namna hiyo, kila 1,000 itakurudishia wastani wa 817. Ile hasara ya 2.5 katika 100 kwa timu moja imekuwa zaidi ya 18, kwa kuziunganisha tu. Hapo bado hatujagusa kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Lakini nimelipenda zaidi lalamiko lako la timu moja, kwa kuwa kila anayebeti analo. Nimelipigia hesabu. Katika mkeka huo wa timu nane, nafasi ya kuangushwa na timu moja kamili ni 31 katika 100. Mbili, karibu 30 na nusu. Zilizobaki zinagawanywa na mikeka iliyoshinda na ile iliyochanika vibaya. Maana yake, kukosa kwa timu moja ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, inatokea mara mbili na zaidi ya kushinda. Hukuwa karibu na chochote. Mkeka umefanya kile ambacho mikeka ya namna hiyo hufanya. Ila moyo unaliona jambo hilo kama deni: Jumamosi hii nilikosa moja tu, ijayo ni yangu. Pale Monte Carlo tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa ruleti ulitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu waliteketeza mali zao kwenye nyekundu, kila mmoja akiamini kwamba sasa lazima izame nyekundu. Ruleti haikuwa na daftari la kumbukumbu. Na yale madubwi ya sarafu, mashine za kamari ambazo alama mbili hufanana na ya tatu ikakosea kidogo, yanakula watu kwa hisia hiyo hiyo. Nayo sina zaidi ya kuyasema, hayana hata uamuzi mmoja wa kujadili.

Usinielewe kwamba pesa huharibu kila mchezo. Mimi mpenzi wa michezo ya ubaoni nakiri kuna michezo ambayo dau limeingia ndani ya kanuni zake likaifanya mizuri zaidi. Wachezaji wa backgammon, mchezo ulio jamaa wa ile nardi ya kale, tangu miaka ya 1920 kule New York wana kete ya pande sita yenye namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Ukiona unaelekea kushinda, unaigeuza mbele ya mwenzako: tuzidishe dau mara mbili. Yeye ana mawili, akatae na kulipa la zamani sasa hivi, au akubali na kucheza kwa la mara mbili. Hesabu yake inapendeza. Akikataa anapoteza moja kwa hakika. Akikubali, anatakiwa awe na nafasi ya kushinda angalau robo. Chini ya hapo ni ubishi. Kwa hiyo mchezaji mzuri hana budi kuutazama ubao na kusema, hapa nina 22 katika 100, hapa nina 28. Unaweza kucheza hivyo kwa pointi za chaki bila shilingi hata moja, na akili ikafanya kazi ile ile. Ningependa mtu awajaribishie ludo namna hiyo. Mjomba labda angekubali chaki.

Kwa hiyo ukiniuliza akili yako inapotelea wapi, naona haijapotea. Kwenye ludo imepata mahali pa kufanyia kazi, mara arobaini au hamsini kwa mchezo, na imepata watu wa kuilipa. Kwenye mkeka imepata nafasi moja ya kusema, mbele ya mtu anayejua zaidi, naye anatoza kwa kukusikiliza. Kama unabeti kwa ajili ya utamu wa kutazama mechi, weka dau la timu moja, dogo, ulihesabu kama nauli ya kwenda uwanjani, na usirudi Jumapili kulifuata. Na wenzako wakipendekeza mpandishe ludo hadi 5,000, kataa hata kama unawazidi. Kwa 1,000, jioni mbaya ya michezo mitano bila ushindi inakugharimu 5,000, na jioni hizo zitakuwepo. Kwa 5,000 ni 25,000, na mmoja wa wale watatu ataanza kuidai kwa hasira. Hapo hutakuwa na baraza.

Sasa jirani na umeme. Swali lako lina umri wa karne kadhaa. Bwana mmoja wa Ufaransa, Chevalier de Méré, aliyependa sana dadu, alimpelekea Blaise Pascal maswali ya meza ya kamari, na mwaka 1654 Pascal na Pierre de Fermat wakaandikiana barua juu ya jambo hili hili: watu wawili wametia sawa, wa kwanza kufika tatu anachukua, mchezo unakatika mmoja ana 2 na mwingine 1. Kwa Pascal kila mmoja alikuwa ametia pistole 32, sarafu za wakati huo. Jibu lao ndilo lililoanzisha hesabu za uwezekano tunazofundisha shuleni.

Jirani anasema kila mtu arudishiwe 5,000, kama vile hamkucheza chochote. Hiyo ingekuwa haki kama mngekuwa 1 kwa 1. Pengine wewe moyoni unataka theluthi mbili, kwa kuwa umeshinda mbili kati ya tatu. Nayo si sawa, maana inaangalia michezo iliyopita wakati pesa inasubiri ijayo. Pascal alifikiri hivi: tuseme umeme umerudi mkacheza mchezo mmoja tu. Ukishinda, una 3, unabeba 10,000. Akishinda yeye, mmekuwa 2 kwa 2, na hapo mkigawana sawa unapata 5,000. Kwa vyovyote vile, 5,000 ni yako, haina wa kuibishia. Inayobishaniwa ni 5,000 ya pili, na mchezo mmoja wa nusu kwa nusu unakupa nusu yake. 5,000 na 2,500: chako ni 7,500, cha jirani ni 2,500.

Najua utakachosema baadaye. Utasema mimi namzidi, kwa hiyo nusu kwa nusu inanipunja. Kama kweli unamshinda mara 60 katika 100, yeye alihitaji kukufunga mara mbili mfululizo, ambayo ni 16 katika 100, na fungu lako linapanda hadi 8,400. Ila zile 21 za daftari ulizipata dhidi ya watu watatu kwa pamoja. Hazisemi jirani huyu, mkiwa wawili, ni dhaifu kiasi gani. Kwa hiyo dai 7,500. Akikataa, mwambie umeme ukirudi mmalizie palepale, kuanzia 2 kwa 1, na pesa ikae kwa mwenye duka mpaka hapo.